Mpiga Pampu

Kazi yangu ilikuwa karabai.
Thumuni kwa usiku, na chai, na ruhusa ya kukaa
nyuma ya besi, katika ukumbi wa Gongoni
ambao siku za kazi ulikuwa ghala la tumbaku.
Tulifagia mara tatu
na bado wacheza dansi walipiga chafya.

Nusu ya bendi walikuwa watu wa reli.
Kasanda, fundi wa breki, gitaa la kwanza.
Shija, ndugu yake wa baba mmoja, gitaa la pili;
walinuniana tangu mirathi ya baiskeli,
ila kwenye nyuzi wakijibizana kama mawifi kisimani.
Mrisho wa Ujiji na saksafoni yake
iliyofungwa mpira wa baiskeli pale kitufe kilipong'oka
(si baiskeli ile, nyingine).
Msabaha mchinjaji, tumba.
Na Nkumbi, mrefu, besi la mninga alilolichonga mwenyewe;
mwaka mzima sikumsikia akimaliza sentensi.

Hakuna aliyesoma noti. Walisoma mabega.
Kasanda akiinua bega la kushoto
saksafoni ilijua mlango u wazi, ikaingia bila hodi.
Na mtu akikosea, kosa halikuachwa njiani:
mwenzake alilirudia, kwa makusudi, mara mbili,
mpaka likavaa viatu likacheza na wengine.

Jumamosi moja ya mavuno ya karanga
treni ilichelewa, na nyuzi mpya zilikuwa ndani yake.
Saa tano na robo uzi wa Kasanda ukakatika,
ukamlamba shavu.
Akabaki ameinamia gitaa
kama mtu aliyeangusha shilingi gizani.
Kimya kilikuwa kinakuja. Nilikiona kikivuta kiti.

Shija, tena Shija!
akaokota neno la ndugu yake palepale lilipokatika,
akalimalizia kwa namna yake,
akaacha nafasi, upana wa nyuzi tano tu,
na Kasanda akaingia na hizo tano.
Mrisho akashuka chini, chini kabisa, karibu na pumzi tupu.
Nkumbi akapiga moja, akazinyamazia tatu.
Msabaha aliacha tumba, akagonga benchi.
Bi Nyanzala, muuza asali wa Isevya,
alivua viatu akavishika mkononi,
akacheza amefumba macho, peke yake, akihesabu kitu.

Nami nikasahau pampu.
Mwanga ukawa mwekundu, mvumo wa taa ukafifia,
na bendi ikafifia nao, ikaburuta miguu.
Nikashtuka, nikapiga pampu tano za haraka.
Ssss, ikasema taa,
na wote wakapanda, kama waliosukumwa mgongoni.
Nikaacha, makusudi. Wakalegea.
Nikapiga. Wakapanda.
Mkitaka msiniamini.

Jumatano wakakaa kuutafuta wimbo ule,
uani kwa fundi cherehani, saa kumi, jua tele,
nyuzi mpya zikimetameta.
"Ulianzia hapa."
"Hapana, ulianzia kwako."
Kasanda na Shija waliongea, kwa midomo,
na fundi cherehani akasimamisha mguu ili asikie.
Lakini wimbo haukuja.
Walipata mifupa yake yote, wakaipanga,
ikalala pale mkekani.

Nilikuwa mlangoni na karabai baridi mapajani,
miaka kumi na mmoja, magoti yenye majivu.
Nilijua kilichopungua.
Nani angethubutu kusema, ni mimi?

Basi nikajaza mafuta. Nikawasha.
Mchana kweupe, mbele ya watu wazima,
nikaanza kupiga pampu.

Msabaha akacheka. Mrisho akaniuliza kama nina homa.
Nkumbi tu ndiye aliyegeuza shingo,
akasikiliza, kidole juu ya uzi mnene,
akaniambia:
"Polepole kidogo."